MZIGO WENYE KIASI
Uhimilivu wa wanafunzi na njia ya misafara ya Tabora

Kila mwalimu wa sekondari amepata kuliona jambo hili. Wanafunzi wawili wa kidato kimoja, wenye akili zinazokaribiana na wanaotoka katika nyumba zenye dhiki ileile, wanashindwa mtihani mmoja. Wa kwanza anajitenga na wenzake, anaacha kuuliza maswali, na muhula unapokwisha hayupo tena shuleni. Wa pili anahuzunika kwa siku chache, kisha anarudi kwenye daftari lake. Pigo ni moja, lakini matokeo ni mawili. Sababu yake ni nini?

Uwezo wa kupatwa na pigo na kuinuka tena huitwa uhimilivu. Si ugumu wa moyo, wala si kutosikia maumivu. Mwenye uhimilivu huumia kama wengine. Tofauti ni kwamba anapoumia bado anaamini kuwa lipo jambo analoweza kulifanya, na kwamba wapo watu wa kumsaidia. Uhimilivu ni sehemu moja ya ustawi wa mtoto, pamoja na afya ya mwili, amani ya moyo na uhusiano mwema na wenzake.

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Nchini Tanzania, tangu ada za kidato cha kwanza hadi cha nne zilipoondolewa mwaka 2016, shule za sekondari za serikali zimepokea vijana wengi ambao zamani wasingefika huko. Wengi wao wana kipimo kimoja tu cha thamani yao, nacho ni mtihani. Kipimo hicho kikivunjika, hawana kingine cha kushika.

Wako wanaosema kwamba dawa ni shida yenyewe. Mtoto aachwe ahangaike, aadhibiwe na akimbizwe juani, naye atakomaa. Rai hiyo ni ya zamani na ina wafuasi wengi, lakini sayansi haiiungi mkono. Historia ya Tabora nayo inaonyesha kosa lake.

NJIA MOJA, SAFARI MBILI

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 1,200. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kila kitu kilichopita katika njia hiyo, tangu pembe za ndovu hadi majora ya nguo, kilibebwa na binadamu.

Wapagazi mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Richard Burton, aliyefika Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi waliihesabu kazi hiyo kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wadogo walianza kwa kubeba vipembe vidogo mabegani. Kijana hakutwishwa mzigo kamili siku ya kwanza. Aliongezewa kidogo kidogo, kwa kadiri mwili na moyo wake ulivyokua.

Msafara nao ulikuwa na taratibu zake. Uliongozwa na kirangozi, mtu mzoefu aliyeijua njia, maji na hatari zake. Safari ilianza alfajiri, na kwa kawaida watu walitua mizigo kabla ya jua kali la mchana. Wapagazi walipika na kula kwa vikundi vidogo, kila kikundi kikishirikiana chungu kimoja. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Zaidi ya hayo, mpagazi huru alikuwa na sauti. Alipatana ujira kabla ya kuondoka, na alipodhulumiwa aliweza kutua mzigo, kugoma, au kuuacha msafara. Aliporudi kwao alipokewa kwa heshima, nayo heshima hiyo ilikuwa tuzo.

Hata hivyo, katika njia hiyohiyo walipita watu wengine. Watumwa waliotolewa bara kupelekwa pwani walikanyaga vumbi lilelile na kuchomwa na jua lilelile. Lakini hawakuichagua safari, hawakujua mwisho wake, wala hawakuwa na uwezo wa kuusimamisha msafara. Wengi walikufa njiani. Walionusurika hawakurudi kwao wakishangiliwa. Walitengwa na jamaa zao na kuuzwa.

Kama shida peke yake ingekuwa mwalimu wa uhimilivu, safari hizi mbili zingekuwa na tunda moja. Haikuwa hivyo. Kilichotofautisha mpagazi huru na mtumwa hakikuwa umbali wala jua, bali hiari, kiasi, wenzi, na uwezo wa kutenda.

JARIBIO LA MWAKA 1967

Miaka mingi baadaye, wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walilichunguza jambo la namna hii katika maabara. Walichukua mbwa na kuwagawa katika makundi. Mbwa wa kundi la kwanza walipigwa na mshtuko wa umeme, lakini waliweza kuuzima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Mbwa wa kundi la pili walipata mshtuko uleule, kwa nguvu ileile na kwa muda uleule, ila hawakuwa na la kufanya. Mshtuko ulikoma pale tu mwenzao alipouzima. Kwa hesabu ya maumivu, makundi hayo yalikuwa sawa kabisa.

Baadaye mbwa wote waliwekwa katika sanduku lenye kizuizi kifupi katikati, ambapo kila mmoja angeweza kuuepa mshtuko kwa kuruka upande wa pili. Wale wa kundi la kwanza walijifunza upesi kuruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini na kuvumilia, ingawa njia ya kujiokoa ilikuwa wazi mbele yao. Majaribio ya namna hiyo hayakubaliki kwa urahisi siku hizi kwa sababu ya mateso kwa wanyama, lakini fundisho lake limebaki.

Katika sehemu nyingine ya utafiti huo lilionekana jambo lenye manufaa zaidi kwa mwalimu. Mbwa waliotangulia kupata mshtuko waliouweza kuuzima, hata walipokutana baadaye na mshtuko usiozimika, hawakukata tamaa. Uzoefu wa kwanza uliwakinga, kama vile chanjo inavyoukinga mwili kwa kuutangulizia kiasi kidogo cha jambo ambalo likija kwa wingi lingeuangamiza.

Mwaka 2016 wataalamu haohao waliyatazama upya maelezo yao kwa mwanga wa uchunguzi wa ubongo wa panya, wakakiri kwamba awali walikuwa wameugeuza ukweli. Walidhani mnyama hujifunza kukata tamaa. Sasa inaonekana kwamba kunyong'onyea mbele ya mateso ya muda mrefu ni hali ya asili, isiyohitaji kufundishwa. Kinachofunzwa ni kule kutambua kwamba mtu ana uwezo juu ya hali yake. Mnyama anapogundua kuwa tendo lake linabadili jambo, sehemu ya mbele ya ubongo hupeleka ujumbe wa kulituliza shina la ubongo, ambamo hofu na unyonge huamshwa. Njia hiyo ya ujumbe ikishatumiwa, hufanya kazi kwa wepesi zaidi katika misukosuko ya baadaye.

Maana yake kwa shule ni nzito. Adhabu isiyoeleweka, kazi isiyo na mwisho na dhihaka mbele ya darasa ni mishtuko ambayo mwanafunzi hana kibao cha kuizima. Hazimkomazi. Zinamwacha katika unyonge ule ambao ubongo wake ulizaliwa nao.

WATOTO WA KISIWA CHA KAUAI

Binadamu si mbwa wala panya, na kwa hiyo ni lazima kuwatazama watoto wenyewe. Utafiti mashuhuri katika jambo hili ulifanyika katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Emmy Werner na wenzake waliwafuatia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kabla ya kuzaliwa hadi walipofika umri wa miaka 40. Baadhi yao walikulia katika umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Miongoni mwa watoto waliozungukwa na hatari nyingi kwa pamoja, wengi walipata matatizo, lakini theluthi moja hivi walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, upendo na matumaini.

Watoto hao walikuwa na mambo kadhaa ya pamoja. Kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali daima, ambaye mara nyingine hakuwa mzazi bali bibi, jirani au mwalimu. Wengi walikuwa na kazi au stadi waliyoipenda, iliyowapa fahari shuleni walipokuwa na fedheha nyumbani. Aidha, wengi walipewa wajibu halisi wa kuwasaidia wengine, kama vile kuwalea wadogo zao.

Basi mambo ya kutafuta si siri tena: changamoto inayopimika, hiari, wenzi, mtu mzima anayejali, stadi ya kujivunia, na huduma kwa wengine. Swali lililobaki ni namna ya kuyaweka pamoja katika shule ya kawaida.

MPANGO WA NISHANI

Jaribio moja la kuyaunganisha mambo hayo lilianzia Ulaya. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza baada ya kufungwa na utawala wa Hitler mwaka 1933, alianzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland mwaka 1934. Aliamini kwamba kila mtoto ana uwezo zaidi ya anavyodhani, na kwamba shule inayopima masomo peke yake huwanyima wengi nafasi ya kuugundua uwezo huo. Katika mwaka 1956 fikra zake zilizaa mpango wa nishani wa Duke of Edinburgh, ambao leo umeenea katika nchi zaidi ya 100. Nchini Kenya ulianza mwaka 1966 ukiitwa Tuzo ya Rais.

Mpango huo una ngazi tatu: Shaba, kuanzia umri wa miaka 14, Fedha, kuanzia miaka 15, na Dhahabu, kuanzia miaka 16. Katika kila ngazi kijana hufanya mambo manne, nayo ni huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya mwili, na safari. Kwa ngazi ya Shaba, kila moja katika yale matatu ya kwanza hudumu kwa miezi mitatu, kwa saa moja hivi kila juma, na moja kati yake huongezewa miezi mitatu mingine. Safari huwa ya siku mbili na usiku mmoja, nayo hufanywa na kikundi cha vijana wanne hadi saba. Ngazi ya Dhahabu inahitaji safari ya siku nne na juhudi ya mwaka mmoja au zaidi.

Tofauti kubwa kati ya mpango huu na mashindano ya kawaida ni kwamba hakuna anayemshinda mwenzake. Kijana hujiwekea lengo mwenyewe pamoja na mlezi wake, na hupimwa kwa lengo hilo. Mwanafunzi mwenye mguu mmoja na bingwa wa mbio waweza kupata nishani ileile, mradi kila mmoja amedumu na kusonga mbele kutoka pale alipoanzia. Haba na haba hujaza kibaba. Kinachoheshimiwa ni kule kujaza.

Tanzania si ngeni kwa wazo hili. Maskauti wamekuwa wakipewa beji za stadi kwa muda mrefu, na Tabora yenyewe ina sehemu katika historia hiyo. Julius Nyerere, aliyesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, alisaidia kuunda kikosi cha maskauti hapo akiwa mwanafunzi.

HATARI YA ZAWADI

Hata hivyo, nishani ni kama dawa; ikitolewa vibaya hudhuru. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, nchini Marekani, waliwachunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye watoto wote waliachwa wacheze wapendavyo. Wale walioahidiwa cheti walitumia katika kuchora karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Ahadi ya zawadi ilikuwa imeligeuza pendo kuwa kibarua.

Kwa hiyo mwalimu hana budi kuangalia mambo matatu. Kwanza, kijana ajiunge kwa hiari. Mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo, na shughuli iliyolazimishwa si shughuli ya kujenga moyo. Pili, achague mwenyewe stadi na huduma yake. Tatu, nishani iwe ushahidi wa njia aliyoipita, wala isiwe ndiyo sababu ya kuipita. Ndiyo maana daftari la kumbukumbu, ambamo kijana huandika kila juma alichofanya, alichoshindwa na alichojaribu tena, lina thamani kuliko kipande cha shaba.

MFANO KWA SHULE YA TABORA

Shule ya Tabora inayotaka kuanzisha mpango wake mdogo haihitaji vifaa vya gharama. Kwa huduma, wanafunzi waweza kutunza kitalu cha miche, kuwafundisha kusoma watoto wa shule ya msingi iliyo jirani, au kuwatekea maji wazee wasiojiweza. Kwa stadi, ufugaji wa nyuki unafaa sana, kwa kuwa misitu ya miombo ya Tabora inasifika kwa asali. Kijana hupata humo biolojia ya mimea na wadudu, hesabu ya mauzo, na subira. Kwa mazoezi, mbio na mpira vyatosha.

Safari yaweza kuelekea Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, penye makumbusho yaliyo katika nyumba ya mtindo wa tembe. Hapo David Livingstone alikaa hadi Agosti 1872, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani, kwa kuwa bila wao hakuweza kuondoka. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, watu wake, miongoni mwao Chuma na Susi, waliamua wenyewe kuubeba mwili wake hadi pwani. Walipofika Unyanyembe walishauriwa na Mwingereza Cameron wauzike hapo, wakakataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi, na baadhi ya wenzao walikuwa wamefariki njiani. Huo ulikuwa mzigo waliouchagua.

Mzigo wa mwanafunzi lazima uwe na kiasi. Kanuni ya tahadhari ni kwamba usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Mwanafunzi wa kilo 45 abebe kilo 9 na si zaidi, kwa kuwa yeye si mpagazi wa frasila mbili. Wakati unaofaa ni Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha na joto kali la Septemba na Oktoba halijafika. Kikundi kiondoke alfajiri na kupumzika kabla ya adhuhuri, kama misafara ilivyofanya. Kila mmoja awe na lita nne hivi za maji kwa siku. Wazazi watoe idhini, uongozi wa kijiji ujulishwe, na awepo mtu anayejua huduma ya kwanza. Wasichana wawe na mlezi mwanamke, na asiyeruhusiwa kulala nje apangiwe safari mbili za mchana.

Ndani ya mipaka hiyo, vijana wenyewe wachore ramani, wagawane kazi na wamchague kirangozi wao. Wakipotea njia kwa nusu saa, mwalimu anayewafuata kwa mbali asikimbilie kuwasahihisha, maadamu hakuna hatari. Ile nusu saa ndiyo somo lenyewe.

NJIA YA KUPIMA MATOKEO

Mwanasayansi hatosheki na sifa. Kuonyesha kwamba vijana wenye nishani ni wachangamfu kuliko wengine hakuthibitishi kitu, kwa kuwa huenda wachangamfu ndio waliojiunga. Klabu ya sayansi ya shule yaweza kulichunguza jambo hili kwa njia rahisi. Ikiwa walioomba kujiunga ni wengi kuliko nafasi, watakaoanza muhula huu wateuliwe kwa kura, na wengine wangoje muhula ujao. Makundi yote mawili yapimwe mwanzoni na mwishoni: mapigo ya moyo wakati wa mapumziko, siku za kutohudhuria shule, na majibu ya maswali machache kama vile, "Jambo linaponishinda, hujaribu njia nyingine." Majibu yaandikwe bila majina. Tofauti ikionekana kati ya makundi hayo, itakuwa na uzito; isipoonekana, hilo nalo litakuwa funzo.

Pia ijulikane kwamba mpango wa nishani hauondoi njaa, wala hauwatibu wagonjwa. Mwanafunzi mwenye huzuni isiyokwisha, anayekosa usingizi au anayezungumzia kujidhuru, apelekwe kwa mganga bila kukawia. Safari ya msituni haichukui nafasi ya tiba.

Kwa wengine wote, lililo muhimu ni dogo na linawezekana. Mwanafunzi aliyefeli hesabu lakini aliyeuangalia mzinga wake kwa miezi sita, akaumwa na nyuki, akarudi tena na kuvuna asali, ana jambo moja analolijua kwa hakika: kwamba tendo lake hubadili hali. Pigo lijalo litamkuta akiwa na kibao cha kusukuma.